Lete kwa Maandishi

Rusumo, 11 Juni 2024

Binti yangu Diane,

Salamu nyingi kutoka hapa Rusumo. Sisi ni wazima, isipokuwa magoti ya mama yako mkubwa Francisca, ambayo yamekataa kupanda kilima cha kanisani lakini kwenda sokoni yanaweza. Mbuzi wawili wamezaa. Baba yako alipiga simu kutoka Mwanza, anasema hajambo na anauliza habari za mahari yako zaidi ya habari zako. Maji tunayo mengi ya kutazama, maporomoko yananguruma mchana kutwa.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Jumatatu iliyopita nilipiga ile namba ya huduma kwa wateja ya Mamlaka yenu ya Maji. Akapokea mwanamke mwenye sauti nzuri. Nikamweleza kwamba mama yangu mzazi, Nyirabahizi, kikongwe wa miaka themanini na minne hapo hapo Rwamisha, hii ni wiki ya tatu hajaona tone bombani kwake. Yule mwanamke akanijibu, "Tafadhali lete malalamiko yako kwa maandishi." Diane, nilikubeba mgongoni ulipougua surua. Sauti yako naijua hata ukiivisha Kiswahili cha ofisini. Basi nimeleta kwa maandishi. Dereva Ndikuriyo, anayepita huko na lori lake kila akipata mzigo, atakukabidhi mkononi, na majibu mpe yeye.

Mimi sina ugomvi na maandishi. Nimekuwa wakala wa forodha miaka thelathini na mmoja, na imani yangu ni moja: kisichoandikwa hakijatokea. Hata sasa nakuandikia nikiwa yadini kwangu, juu ya kasha kubwa la mbao ambalo ndilo meza yangu tangu Machi. Kimo chake kimenifaa kama vile fundi alinipima.

Sasa hoja yenyewe. Tarehe 24 Agosti tunamaliza kilio cha baba, mwaka utakuwa umetimia tangu tumzike. Desturi yetu unaijua. Ukoo mzima unanawa mikono kwa maji ya nyumbani kwa marehemu, si ya jirani wala ya kununua, na mpaka tunawe bado tuko msibani. Mimi siwezi kukabidhiwa mkuki wa baba, wewe huwezi kuolewa, na bibi yako hawezi kukivua kile kitambaa cheusi. Maji ya nyumbani kwetu yalikuwa kisima alichochimba baba, Mzee Ndizeye, kwa mikono yake, mwaka tuliovuka kutoka Burundi. Kisima hicho mlikifunika nyinyi kwa zege, mkisema kiko karibu mno na choo na kwamba bibi atapewa bomba. Na aliyemshawishi bibi akubali ni mjukuu wake kipenzi.

Nauliza tu: siku hiyo maji yatakuwepo?

Ni mimi baba yako mkubwa,
Telesfori


Rwamisha, 2 Julai 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua yako imenifikia ikiwa na umri wa wiki tatu na harufu ya dizeli. Ndikuriyo anasema gari lilimkatikia ekseli. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mama Mkubwa nampa pole ya magoti. Bibi hajambo, jana amemfukuza muuza dawa za mitishamba akimwambia yeye mwenyewe anaonekana mgonjwa. Gozbert anakusalimu sana. Wazee wake wanauliza habari za harusi ya Desemba kwa upole, ule upole wa watu waliokwisha kushona sare.

Kuhusu siku ile ya simu, naomba radhi. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, na mazungumzo yetu yote hurekodiwa.

Kuhusu hoja yako, Mamlaka inatambua changamoto ya upungufu wa maji katika baadhi ya maeneo na inaendelea kuchukua hatua stahiki. Pampu iliyopo imechakaa. Mpya imeshanunuliwa Kigali na iko njiani. Wakati tukiisubiri tumetoa ratiba ya mgao, nimekuambatanishia nakala. Mtaa wa bibi ni kila Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Tarehe 24 Agosti ni Jumamosi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Bibi naye nilimpelekea nakala. Kusoma hajui, lakini alipoambiwa kwamba sahihi iliyo chini ni yangu, aliibandika ukutani kando ya picha ya Bikira Maria. Mialiko amekwisha kuituma mpaka Muyinga.

Binti yako,
Diane


Rusumo, 15 Julai 2024

Binti yangu Diane,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mbuzi mmoja kafa, yule mweupe, na Francisca anasema nilimtazama vibaya.

Ratiba yako nimeisoma jinsi ninavyosoma tamko la mzigo. Jina la mzigo: maji. Kiasi: hakikutajwa. Unatoka wapi: hapakutajwa. Unafika lini: kila Jumamosi. Nani kaukagua: hakuna. Mwanangu, dereva akiniletea karatasi ya namna hii namgeuza yeye na lori lake hapo hapo.

Na hiyo "baadhi ya maeneo" nimeipenda. Mama yangu amezaa watoto saba, amelima ekari nne kwa jembe la mkono, leo mmempandisha cheo amekuwa baadhi ya maeneo. Ndikuriyo ananiambia jambo jingine. Ati gari lenu la majitaka halikosi hata siku moja, mtu akipiga simu linafika kabla hajairudisha mfukoni. Yaani uchafu wetu mnaufuata mpaka mlangoni, lakini maji safi hayaijui hata njia ya mtaani.

Umesema pampu iko njiani. Njiani wapi? Kutoka Kigali kuja kwenu hakuna mahali pa kupita ila hapa darajani, na hata parafujo haivuki daraja hili Telesfori asiijue. Mwambie Meneja wako atafute uongo wa barabara nyingine, hii ina mwenyewe. Nimecheka mpaka nikamwaga chai juu ya kasha langu.

Swali moja, nataka jibu moja. Tangu mtoe ratiba, maji yamefika kwa bibi Jumamosi hata moja?

Ni mimi,
Telesfori


Rwamisha, 30 Julai 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Pole kwa mbuzi. Huku jua ni kali na vumbi la barabara ya Nemba linaingia hadi kwenye sufuria. Bibi ameshaagiza ndizi za pombe, mikungu ishirini, na ndugu wa Muyinga wamesema watakuja na basi zima. Gozbert amepunguza uzito, mama yake anasema ni mawazo.

Kuhusu swali lako, ratiba imeidhinishwa na Meneja na imegongwa muhuri.

Tumuombe Mungu atufikishe salama tarehe 24.

Diane


Rusumo, 29 Agosti 2024

Diane,

Magoti ya Francisca ni yale yale. Salamu zimeishia hapo.

Siku ile uliniambia unakimbia mara moja kituo cha pampu "kuhakikisha," saa moja asubuhi, na hukurudi. Kwa hiyo nakuandikia uliyoyakimbia. Watu mia moja na arobaini walijipanga uani kwa bibi yako, wakubwa mbele. Padre alikwisha maliza sala. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya bomba, kitambaa cheusi kichwani, beseni jipya la bati miguuni. Mimi kama mkubwa ndiye niliyetakiwa kufungua koki. Nikafungua. Bomba likakohoa mara mbili kama mzee wa kanisa, likatoa mende mmoja, likanyamaza. Nikafunga, nikafungua tena. Yule mende akaondoka zake.

Bibi akasema, "Subirini. Diane ameandika."

Tukasubiri. Saa tatu. Saa nne. Kila mtu aliyenong'ona alionyeshwa ile karatasi ukutani. Saa nne na nusu jirani, Mzee Pancras, akaleta madumu mawili aliyoyanunua kwa wenye baiskeli. Bibi hakuyatazama. Akasema, "Mume wangu hakufia sokoni." Kisha akaniambia niweke beseni chini, ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimeliinua chini ya koki na kulishika muda wote ule, mtu mzima wa miaka sitini.

Watu walikula wali mkavu, wakapanda basi lao bila kunawa. Mkuki wa baba umerudishwa darini. Bibi bado yuko na kitambaa kile. Wazee wa Gozbert walikuwepo na waliona kwa macho yao, sina haja ya kukueleza maana yake.

Nilikuuliza swali moja tu mwezi wa saba. Nimeumia, Diane. Watu wa mbali hawanishangazi wakisema uongo, ndiyo kazi inayonilisha. Wewe ulimwandikia bibi yako.

Telesfori


Rwamisha, 14 Septemba 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Sijui nianzie wapi, basi naanzia penye aibu.

Maji hayakufika Jumamosi hata moja. Ratiba ile ni ya mwaka juzi. Meneja alitaka iwepo ratiba kabla wakaguzi hawajaja, mimi nikaifungua kwenye kompyuta, nikabadilisha tarehe, nikaweka sahihi. Kituoni kwenye pampu hakuna anayeijua. Siku ile nilipofika nikamwonyesha fundi, akaisoma yote kwa makini, akasema imeandikwa vizuri. Nilikaa kwenye ngazi za tangi mpaka jioni. Sikuwa na uso wa kurudi, na tangu hapo sijakanyaga kwa bibi.

Nikaona angalau nijue ukweli mmoja wa ofisi hii. Nikamfuata mkandarasi mpaka gereji anakokaa, nikamuuliza pampu iko wapi. Akakasirika, akasema wao waliileta tangu mwezi wa tatu na imekwama mpakani kwa wakala. Akanipa nakala ya hati. Imo kwenye bahasha hii, na chini pana muhuri wa wakala. Mzigo ni kasha moja la mbao, kimo cha sentimita sabini na tano, limeandikwa kwa rangi ya kijani ubavuni, namba 0417.

Baba Mkubwa, wewe ni mzazi wangu na sina ulimi wa kukukosoa. Naomba tu uinue karatasi unayoandikia, uitazame meza.

Diane


Rusumo, 21 Oktoba 2024

Binti yangu mpendwa Diane,

Salamu nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema wewe, Gozbert, wazee wake na majirani wote. Huku mvua za vuli zimeanza vizuri. Francisca amepata mafuta ya kuchua kutoka Nyamiaga, magoti yanaendelea vizuri, Jumapili alifika kanisani. Mbuzi wadogo wananyonya. Kuku wa kienyeji, yule mwekundu, ametotoa vifaranga tisa, mwewe akachukua wawili, wamebaki saba. Bei ya maharage imepanda. Ndikuriyo amepata mtoto wa kiume.

Daraja liko palepale.

Utauliza kwa nini nimekawia wiki tano. Nilikuwa na kazi nyingi.

Haya. Ni lenyewe. Namba 0417, rangi ya kijani, nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa cha meza alichonishonea Francisca. Kwenye kitabu changu liliingia kwa jina la mkandarasi, "mashine, kasha moja," nami sikuuliza ni mashine ya nini, maana kwa miaka thelathini na mmoja sijawahi kuuliza. Kuna msemo kuhusu nyani, unaujua, siwezi kuumalizia mbele ya binti yangu.

Lakini usicheke bado. Kasha halikutoka kwa sababu lilihitaji barua ya msamaha wa ushuru kutoka kwenu, kwa vile ni mradi wa umma. Mimi niliiomba. Tarehe 19 Machi, kwa maandishi, kwa anuani ya Mamlaka, nakala ninayo. Na nilijibiwa. Jibu nakurudishia ndani ya bahasha hii ulisome mwenyewe: "Ndugu Mteja, malalamiko yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Chini pana sahihi, na mimi sahihi hiyo naijua, ndiyo iliyokaa kando ya Bikira Maria.

Nikaona wamejibu, nikaiweka kwenye faili. Miezi saba nimenywea chai juu ya maji ya mama yangu.

Niletee hiyo barua ya msamaha. Siandiki tena mpaka niipate. Sasa naandikia gotini.

Baba yako mkubwa,
Telesfori


Rwamisha, 12 Novemba 2024

Shikamoo Baba Mkubwa,

Kama ulivyoona, barua ya msamaha nilikuletea mwenyewe na basi, na kutoka siku hiyo hadi pampu kufungwa zimepita siku kumi na moja. Fundi anasema ni pampu nzuri, ila harufu ya chai haitoki. Ombi lako la Machi nililikuta kwenye daftari la malalamiko, namba 88, kati ya mtu aliyelalamikia harufu ya karo na mwingine aliyekosea ofisi, alikuwa anatafuta umeme. Nilikuwa nimeyajibu yote matatu asubuhi moja, bila kuyasoma. Meneja alinipongeza kwa kasi.

Jana maji yalipofika mtaani kwa bibi nilikimbia kwa miguu. Mara ya kwanza tangu Agosti. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Kichwani, Baba Mkubwa, alikuwa na kilemba cha njano.

Nikamwambia, "Bibi, maji yamekuja!" Akasema, "Lifunge hilo bomba, linapiga kelele."

Alikwisha nawa. Mwezi mmoja uliopita. Alimwita Mzee Pancras na vijana wa jumuiya, wakavunja lile zege kwa nyundo, kisima kikafunguka, maji yapo tele. Nikaanza kumweleza habari ya choo kuwa karibu, ndiyo kazi yangu. Akanishika mkono akanionyesha. Choo cha zamani kimefukiwa, kipya kimechimbwa kule chini kwenye migomba, hatua sitini. Walitumia siku nne. Ati hakuna mtu hata mmoja aliyekuja na magari yenu aliyewahi kuwaza kwamba kinachoweza kuhama ni choo.

Ndugu wa Muyinga walirudi kimya kimya, na baba yangu akatoka Mwanza. Wote wamenawa. Wote waliambiwa wasituambie. Waliobaki msibani ni wawili, wewe na mimi.

Nikapiga magoti hapo hapo nikaomba ninawe. Bibi akaendelea kupepeta. Kisha akasema, na naapa alikuwa anaiga sauti yangu ya simu, "Tafadhali lete ombi lako kwa maandishi." Nikamwambia, bibi, kusoma hujui. Akasema, "Litafanyiwa kazi."

Ameniambia pia kwamba kati yetu wawili mkubwa ndiye atakayetangulia, kwa hiyo siwezi kunawa kabla yako. Gozbert anauliza tena Desemba. Mimi siulizi. Mlangoni kwake pana lile beseni la bati, limejaa. Nikauliza ni la nini. Akasema ni la Telesfori. Kila asubuhi anateka maji mapya kisimani, yeye mwenyewe, hataki kusaidiwa, analiweka pale. Kila jioni anayamwagia maua ya kaburini.

Diane


Rusumo, 18 Novemba 2024

Mwanangu Diane,

Nimeandika ombi mara nne. La kwanza lilikuwa na kichwa cha habari na namba ya kumbukumbu. La nne lilikuwa na neno moja tu, Mama, na kalamu ikagoma. Yote nimeyatia jikoni, Francisca amewashia moto.

Nitafika Jumamosi kabla ya saa nne. Usimwambie, ingawa nadhani anajua. Tukutane penye njia panda tuingie pamoja. Sibebi karatasi yoyote, na wewe usibebe.

Telesfori